Neno la Siri la Meshaki

Nyumbani, Kilosa
Jumapili, 16 Juni 2013

Mpendwa kaka Tomasi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, kifua hakikusumbui tena, na joto la Dar es Salaam umeshalizoea. Huku nyumbani miili yetu ni mizima. Mama anatembea bila fimbo tangu Pasaka, ingawa magoti humuuma asubuhi, na mwaka huu baridi imeshuka mapema kutoka milimani. Mahindi yamekauka vizuri, tumeanza kuvuna. Yule mbuzi mweusi amezaa pacha. Paa la jiko ulilosema libadilishwe limebadilishwa, na fundi anakusalimu.

Utashangaa kuona nimeshika kalamu wakati tunaongea kwa simu karibu kila wiki. Kwenye simu wewe una haraka, kaka, na mimi mbele yako husahau maneno. Ndivyo tulivyo tangu utoto, wewe ukianza kusema mimi nanyamaza. Karatasi hainikatizi. Kwa hiyo nakuandikia kila kitu tangu mwanzo, hata yale unayoyajua kunishinda, ili uyaone kama nilivyoyaona mimi niliyebaki huku. Soma taratibu, usiruke ukurasa.

Nianze na Jirani. Mliianzisha wewe na rafiki yako Meshaki, mtoto wa wafugaji, pale uani kwetu, Mama akiwapikia ugali na mlenda na nyinyi mkiuacha upoe kwa mazungumzo. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni Morogoro na cheti cha kompyuta na sina kazi. Mkanieleza mnachotaka: tovuti ambayo mkulima ataandika mazao yake yamesimama wapi, na mfugaji ataandika atapitisha ng'ombe wapi kwenda mtoni, na kila kinachoandikwa kifike kama meseji kwenye simu za wanachama wote, ili watu hawa wasikutane tena njiani wakiwa na marungu na mapanga. Nilifurahi sana siku ile. Nilijiona nimepata kazi yenye maana, na nimeipata kutoka kwa kaka yangu.

Kiangazi cha kwanza ng'ombe walishuka kutoka uwandani mpaka mtoni bila kukanyaga shamba la mtu. Watu wa upande wa Chanzuru walikuja ofisini kushukuru. Meshaki alikuwa akituchekesha kwa kusimulia jinsi baba yake alivyokaribishwa kahawa barazani kwa wakulima kwa mara ya kwanza, akaitazama mpaka ikapoa kwa sababu haikuwa na maziwa.

Lakini Jirani haikuwa na mlango. Mwenye simu yoyote aliweza kuingia na kuandika lolote kwa jina la yeyote. Unakumbuka mtu alivyojiita mzee Hussein, mwenyekiti wetu, akaandika kuwa kisima cha wafugaji kimetiwa sumu, na kumbe mzee Hussein mwenyewe amelala kwake na homa. Mwingine akawa anaandika matusi juu ya wake za Wamaasai. Ukaitisha mkutano, ukasema kila mtu aandikishwe, awe na jina lake na neno lake la siri, na bila hayo mawili mlango usifunguke. Ujumbe ukitoka, uwe na jina la mwenyewe. Watu walipiga makofi, na mimi nikapewa kazi ya kuutengeneza mlango huo.

Hapo ndipo mlipobishana, wewe na Meshaki. Yeye alitaka neno la siri likishaingia lisagwe. Alieleza kwa namna ambayo hata Mama aliyekuwa akichambua mchele alimwelewa: mahindi yakishakuwa unga hayarudi kuwa mahindi, kwa hiyo mashine iweke unga tu, na mtu akija ilinganishe unga kwa unga, asiwepo binadamu wa kulisoma neno la mwenzake, hata aliyeutengeneza mfumo. Alikuwa sahihi. Chuoni nilifundishwa hivyo hivyo. Wewe ukasema wazee watasahau maneno yao, watakuja ofisini kulia, na wewe uliye Katibu wa Jirani lazima uweze kuwasomea. Maneno yako nayakumbuka: "Mimi ndiye mwenye nyumba. Nitakosaje ufunguo wa chumba?"

Nikafanya ulivyotaka. Nilitengeneza ukurasa ambao maneno ya siri ya wanachama wote yalisomeka wazi, na watu wawili tu ndio walioweza kuufungua, wewe na mimi. Meshaki hakukasirika. Alisema mmelala kitanda kimoja bwenini miaka yote ya sekondari, mmevaa viatu vya kupokezana, hana siri ambayo Tomasi haijui. Halafu akaomba maji ya kunywa.

Niliandikisha watu pale sokoni chini ya turubai. Nalepo, mke wa Meshaki, alikuja akaweka chini madumu yake ya maziwa, akajifuta mikono kwenye shuka, akaketi. Alikuwa akiniita wifi kwa sababu ninyi mlikuwa mkiitana ndugu, na mimi nilipenda kuitwa hivyo. Nilimshika kidole nikamfundisha kubonyeza herufi. Akaniuliza, je, mashine inamjua yeye, au inalijua lile neno? Nikamwambia inalijua neno. Akacheka, akasema basi mimi haijanijua, akajitwika madumu yake akaenda.

Baada ya hapo watu wakaacha kuulizana. Zamani mzee Hussein akipata ujumbe alimpigia mtu simu kuhakikisha. Sasa akiona jina, ilikuwa kama ameona uso. Niliona fahari, kaka. Nilikuwa nikipita sokoni watu wananiita fundi wa Jirani, na nilikuwa nikikusimulia hayo kwenye simu na wewe ukinisifu.

Mwezi wa tisa ulikwenda Dar kwenye masomo. Tulikusindikiza stendi. Meshaki alibeba begi lako kichwani ili kukuchekesha, na Nalepo alikuletea maziwa mgando kwenye kibuyu, ukayanywa yote umesimama.

Sasa nifike mwezi wa kumi. Nitayaandika ingawa tulishakueleza kwa simu, kwa sababu kwa simu tulilia tu.

Ilikuwa siku ya gulio. Saa za mchana simu zote za sokoni zililia pamoja. Niliona watu wakiinama kusoma, na mimi nikainama. Jina lilikuwa la Meshaki. Ujumbe ulisema: "Leo tunashusha ng'ombe kwenye mahindi ya bondeni. Atakayesimama njiani atalala hapo hapo." Hakuna aliyepiga simu kuuliza. Nilipiga mimi, na simu ya Meshaki ilikuwa imezimwa. Baadaye tulijua alikuwa Kidodi, amekwenda kuongea na wenye malori ya miwa yaliyokuwa yakiegeshwa kwenye njia ya ng'ombe, na simu yake ilikuwa imekwisha chaji.

Ng'ombe wa familia yake walikuwa wakipita njia yao ya siku zote kwenda mtoni, wakichungwa na Lekishon, mdogo wake. Hawakuwa wakienda kwenye mahindi. Walikuta watu wamejaa pale njia inapokatiza mfereji. Hawakuulizwa kitu. Walianza na ng'ombe, wakiwakata mishipa ya miguu ya nyuma, ndama na majike, kisha wanawaacha wakijivuta kwa miguu ya mbele. Lekishon alikimbia na jeraha la panga begani, na mkono ule mpaka leo haunyanyuki.

Nalepo alikuwa anarudi nyumbani kutoka sokoni na madumu matupu. Aliliona vumbi. Angeweza kugeuka, njia ya nyuma ya reli ilikuwa wazi, lakini aliwaendea, kwa sababu aliwajua wote. Kila asubuhi alikuwa akisimama kwenye milango yao. Aliwaita majina mmoja mmoja. Wale waliosutwa na dhamiri wakaja kunisimulia wanasema alikuwa akirudia, "Mimi mama maziwa, jamani, mimi mama maziwa." Walimpiga mpaka akanyamaza.

Beda alikuwepo. Beda jirani yetu, ambaye mkewe alipofariki kwenye uzazi, mtoto wake alilelewa kwa maziwa ya Nalepo mpaka akaota meno. Alikuja uani kwetu siku ya pili akaketi kwenye kinu. Alisema kwa sababu ya vumbi hakumtambua, na alipolitambua dumu lake mkono ulikuwa umeshashuka. Mama alimpa maji. Sikuweza kukaa pale, niliingia ndani. Mimi ndiye niliyemfunika Nalepo kwa khanga yangu, kaka, na nilijua hali ya uso wake.

Meshaki alirudi na gari la miwa jioni, akakuta polisi wanamsubiri. Hakumzika mke wake. Walimwonyesha ujumbe kwenye simu, akausoma, akausoma tena, akasema hakuandika yeye. Wakamuuliza kama jina si lake. Akasema jina ni langu.

Alishtakiwa kwa uchochezi uliosababisha kifo na uharibifu. Kwa lugha nyingine, walisema amemuua mkewe kwa maneno yake mwenyewe. Waliomuua kwa mikono walikuwa wengi mno kukamatwa, kila mmoja alisema alikuwa nyuma.

Mahakamani niliitwa mimi kama fundi. Ulinipigia simu asubuhi ile kunitia moyo, ukaniambia nijibu ninachoulizwa tu, nisijichanganye kwa kueleza mengi. Hakimu aliniuliza kama mtu anaweza kuandika kwa jina la Meshaki bila kulijua neno lake la siri. Nikasema hawezi. Akauliza kama mlango umewahi kuvunjwa. Nikasema haujavunjwa. Meshaki akaulizwa kama aliwahi kumpa mtu neno lake, akasema hakumpa mtu. Nikaambiwa nishuke. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Nilipopita mbele yake aliniamkia kwa kichwa, kana kwamba anasema kama tulivyozoea, dada Paulina, habari za nyumbani.

Nilikwenda kumwona mahabusu Morogoro kabla ya Krismasi. Alikuwa amekonda, amenyolewa, amepewa kaptura isiyomfika magotini, mtu mrefu vile. Nilimuuliza anadhani ni nani. Alisema pengine mtu alikisia, kwa sababu neno lake lilikuwa jina la ng'ombe aliyempenda. Nilimkumbusha ule ukurasa. Akasema, "Usimtaje Tomasi hata kwa bahati mbaya, watamharibia masomo." Akaniagiza nikuambie usije ukaacha chuo kwa ajili yake. Sikukuambia wakati ule. Nakuambia sasa.

Watu wawili tu duniani waliweza kulisoma neno la Meshaki. Mmoja ni mimi, na mimi sikuandika ujumbe ule. Hesabu hiyo niliifanya jioni ile ile, mbele ya maiti. Lakini moyo ni kitu cha ajabu, kaka. Nilijiambia labda uliacha kompyuta wazi bwenini, labda mwenzako wa chumba ni mhuni, labda kuna werevu wa mitandao ambao mimi sijasomea. Kila nilipokosa usingizi nilikutungia sababu nyingine.

Kisha ulikuja likizo ya Krismasi, na Mama akachinja jogoo. Uliniomba nikufuate Mikumi kukuandikia maelezo ya mkutano. Tulikaa kwenye ile nyumba ya wageni kando ya barabara kuu na yule bwana wa mashamba ya miwa, na nyama choma ikaletwa. Nilikuwa naandika. Alikuuliza lini uwanda utakuwa wazi. Ukamwambia wilaya haitavumilia fujo mara mbili, kwamba fujo nyingine moja tu na wafugaji wataondolewa wote, na uwanda utagawiwa wanavijiji wamlimie miwa, na wewe ndiye msimamizi wao. Ukaongea juu ya fujo hiyo kama mtu anayeongelea mvua za masika. Niliendelea kuandika. Twiga walikuwa wanavuka barabara kule mbele na malori yamesimama kuwasubiri, na wewe ukanionyesha kwa kidole kama ulivyokuwa ukinionyesha utotoni.

Tukiwa njiani kurudi, ndani ya gari la kukodi, nilikuuliza, "Kaka, Nalepo alikuwa na kosa gani?"

Ulikuwa unatazama nje. Ukasema, "Yule hakuwa kwenye mpango."

Kisha ukamwambia dereva aongeze sauti ya redio, na ukanigusa bega ukasema nilijibu vizuri mahakamani.

Nadhani hata wewe hukujisikia. Ulisema kama mtu anayejibu kuhusu chombo kilichovunjika. Mimi nililala siku mbili, Mama akidhani ni malaria.

Nilikwenda polisi, lakini si hapa Kilosa, ambako unajulikana na kila mtu. Nilirudi Mikumi, kwa afande mmoja mwanamke anaitwa Yudith. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Alisema neno la dada aliyesikia kitu ndani ya gari lenye redio halimtoi mtu mahabusu. Alisema pia, na hakusema kwa ubaya, kwamba mfumo nilioutengeneza kwa mikono yangu unasema ni Meshaki, na nilisimama mahakamani nikathibitisha. Kama mfumo ni shahidi muongo, itabidi aongope mbele ya watu wengine pia, wamshuhudie.

Unamkumbuka Kitashu? Yule mfugaji mpya niliyekueleza kwenye simu mwezi wa nne, aliyehamia na ng'ombe wengi kutoka Kiteto, mkali, anayewatukana wakulima hadharani, vijana wanamwogopa. Uliniuliza maswali mengi juu yake siku ile. Ulikuwa umechoka kusikia kwamba watu wameanza kupatana, kwamba wazee wa pande mbili wamekaa chini, kwamba Beda amepeleka ng'ombe wake wa kulimia kwa Lekishon kama fidia. Uliuliza kama Kitashu ameshaandikishwa kwenye Jirani. Nikasema tayari.

Kitashu hayupo, kaka. Hana ng'ombe, hana boma, hana mama. Nilimtengeneza mimi mbele ya Yudith. Nikampa jina na neno la siri, nikalibandika neno hilo kwenye ule ukurasa wako, kisha nikampa Yudith kompyuta yangu na ufunguo wangu akavifungia kabatini kwake, ili pasibaki duniani mtu mwingine wa kulisoma isipokuwa wewe. Kabla ya hapo nilikuwa nimeupanga mfumo ili ujumbe wowote wa Kitashu usifike kwenye simu ya mtu yeyote ila ya Yudith peke yake. Halafu tukakaa kusubiri. Nilisali usiingie. Naapa kwa jina la marehemu Baba, kila asubuhi nilisali usiingie.

Uliingia Jumanne iliyopita, mchana. Uliandika kwamba wafugaji watachoma maghala ya mahindi baada ya mavuno, na kwamba safari hii wataanza na wanawake. Ulipobonyeza ukaona ujumbe umetumwa kwa wote, kumbe ulitumwa kwa Yudith tu. Askari wenzake wa huko Dar walikuwa wameshakuweka machoni tangu wiki ya kwanza. Mmoja alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka kwako kwenye lile duka la intaneti karibu na chuo, na anaeleza kwamba ulikuwa unakula karanga.

Nataka ujue neno la siri nililompa Kitashu, ingawa unalijua, kwa sababu uliliandika kwa vidole vyako. Lilikuwa Nalepo. Yudith aliniuliza kwa nini nimechagua hilo, akasema litakushtua na kazi itaharibika. Nikamwambia ndiyo sababu. Nilitaka ukiliona mkono usite. Kama ungesita, kama ungefunga ukurasa ule ukaondoka, nisingekuwa na ushahidi juu yako, na Meshaki angeendelea kukaa ndani, na bado, Mungu anisamehe, ningefurahi. Yudith ameniambia kati ya kuufungua ukurasa na kuingia kwa Kitashu hapakuwa na muda hata wa mtu kupiga chafya.

Meshaki ametoka Alhamisi. Nilikwenda kumsubiri nje ya mahakama na chakula kwenye bakuli. Nilidhani tutalia pamoja. Aliyajua yote, Yudith alikuwa amemweleza. Alisimama mbali nami kidogo, akaniuliza tangu lini nilijua. Nikamwambia tangu jioni ile. Akasema, "Ulinijia mahabusu, ukanisikiliza nikimkinga, na ulikuwa unajua." Hakupokea bakuli. Alipita kaburini kwa mkewe, kisha akachukua ng'ombe waliobaki, na Lekishon, na baba yake, na wameelekea Lindi kwa miguu. Hivyo uwanda utakuwa wazi kama ulivyotaka, kaka, angalau kwa upande wa familia hiyo.

Mama nilimweleza jana jioni. Sikutaka ayasikie sokoni. Alisikiliza akiwa anapukuchua mahindi na hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza alisema, "Ungeninyamazia mpaka nife. Nilikuwa na siku ngapi?" Kisha akasema nimeiuza damu yetu kwa watu wa ng'ombe. Tangu hapo hajanisemesha. Leo nimempelekea uji kitandani, nimeukuta kwa mbuzi. Kama angejua naandika, angenilazimisha nikuandikie neno moja tu, ukimbie.

Simlaumu. Mimi pia nilitaka kukuandikia hivyo. Nilianza barua nyingine kabla ya hii, fupi, na nikakaa nayo mpaka moto wa jikoni ukazimika, nikaichana. Ulinilipia masomo ya chuo baada ya Baba kufariki. Ulinibeba mgongoni mafuriko yalipotufuata mpaka sebuleni. Hayo sijayasahau na sitayasahau, na yamekuwa yakinila zaidi ya yale mengine.

Jirani nimeizima. Mzee Hussein ameniomba niifungue tena na mlango mpya, maneno yakisagwa. Nimemwambia atafute fundi mwingine, mtu wa mbali, asiye na ndugu hapa.

Sasa nakuja kwenye jambo la mwisho. Huenda tangu mwanzo umejiuliza kwa nini barua hii haikuja kwa posta wala kwa kondakta wa basi kama kawaida yetu, na kwa nini mtu aliyekuletea hajaondoka. Ni askari, kaka. Mwenzake yuko nje ya mlango. Nimewaomba kupitia Yudith wakuache usome mpaka mwisho kabla hawajakugusa, na wamenikubalia kwa sababu nilikuwa shahidi mtiifu. Usibishane nao. Vaa viatu vya kufunika, sakafu za mahabusu Morogoro zina unyevu, niliziona. Sema ukweli mapema, maana mimi nitaitwa tena, na safari hii nitajibu hata nisiloulizwa.

Salamu kutoka kwa Mama sina za kukupa. Mtoto wa Beda anakusalimu, alikuja asubuhi kuuliza utarudi lini umletee mpira. Fundi wa paa nimeshamtaja. Mimi nakusalimu sana, na ukitaka kunijibu niandikie hapa hapa nyumbani, sitahama mpaka Mama anisemeshe.

Afya yako iwe njema popote watakapokuweka.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Paulina